Kamba Tupu, Pete Moja na Jua la Saa Nane

Habari za asubuhi, mabibi na mabwana, na poleni kwa foleni ya Lang'ata Road. Leo tunazungumzia helikopta inayobeba mzigo ukining'inia kwa kamba chini ya tumbo lake: nguzo za stima, vyuma vya mnara wa simu, zege, tangi la maji. Najua wengi hapa ni wafungaji mizigo na wasimamizi wa ujenzi, na marubani ni wachache. Ni sawa kabisa. Ajali za kazi hii mara nyingi hupikwa chini, kabla injini haijawashwa.

Tuanze na hesabu, maana hapa Nairobi hesabu ina ukaidi wake. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya bahari. Kwenye mwinuko huo, joto ambalo vitabu vya urubani hulichukua kuwa la kawaida ni nyuzi 4 hivi. Saa nane mchana mwezi wa Februari, kipimajoto kinaweza kusoma 27. Tofauti ni nyuzi 23, na kila nyuzi ya ziada ni kama kupanda futi 120. Kwa hiyo mapanga ya helikopta yanapiga hewa nyepesi kama ya futi 8,300 hivi, ingawa wewe hujapanda hata ngazi.

Tena kuna jambo la pili. Helikopta ikielea chini, kwa kimo kisichozidi upana wa mapanga yake, hewa inayosukumwa hugonga ardhi na kuitegemeza. Ukiifunga kamba ya mita 30, msaada huo haupo. Kitabu cha ndege kina majedwali ya uzito unaoweza kuinuliwa; la kusoma, basi, ni la kuelea mbali na ardhi. Anayesoma lile jingine, la kuelea karibu na ardhi, anajipa kilo ambazo hana.

Chukueni helikopta aina ya AS350 B3, ambayo mnaijua. Kulabu yake hubeba hadi kilo 1,400, na helikopta pamoja na mzigo wa nje isizidi kilo 2,800. Mteja akisikia 1,400, anaandika 1,400 na kuita lori. Sasa fanyeni hesabu na mimi. Nambari hizi ni za mfano, za kweli zinatoka kwenye kitabu cha ndege yenyewe. Tuseme jedwali, kwa joto la saa nane, linaruhusu 2,500. Toa ndege tupu na vifaa vyake, 1,300. Toa rubani, 85. Toa mafuta lita 250, ambazo ni kilo 200. Zimebaki 915. Toa kamba, pete na kulabu ya chini, ile ya kwenye ncha ya kamba, 25: unabaki na 890. Weka akiba ya asilimia kumi kwa upepo utakaogeuka. Mzigo wako ni kilo 800. Kazi ikiwa juu ya Ngong, kileleni mita 2,460, rudia hesabu yote tangu jedwali. Au njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ikiwa bado nzito. Bei ni ileile.

Na hizo 800 zipimwe kwa mizani, si kwa jicho. Theluthi moja ya mita ya ujazo ya zege ndiyo kilo 800 tayari. Mchanga ulionyeshewa usiku si mchanga wa jana. Nguzo iliyolala matopeni inashikwa na tope, na helikopta inavuta uzito wa nguzo pamoja na ukaidi wa tope. Itikiseni kwanza mpaka ing'oke.

Sasa kulabu, na hapa nitakaa kidogo. Kulabu ya tumboni hufunguliwa kwa njia mbili: swichi ya umeme kwenye fimbo ya usukani, na kebo ya mkono kama umeme umekataa. Zote mbili zijaribiwe kabla ya mzigo wa kwanza wa siku, kulabu ikiwa imevutwa kwa uzito kidogo, kwa sababu kulabu isiyovutwa yaweza kufunguka vizuri na ikakwama ikilemewa. Mtu mmoja abonyeze, mwingine aone kwa macho.

Halafu pete inayokaa kwenye kulabu. Kitabu cha kulabu hutaja ukubwa na unene wake. Pete kubwa kupita kiasi ina hila hii: kamba inalegea mzigo ukigusa chini, pete inapinduka na kulalia ncha ya kulabu, na kamba ikikaza tena, pete inasukuma kile kizuizi cha mlango wa kulabu na kuchomoka. Mzigo umeanguka na hakuna aliyebonyeza chochote. Pete ndogo ina balaa la kinyume: inabana, na siku rubani anataka kuutupa mzigo, hauendi. Pete mbili kwenye kulabu moja zinaweza kufanya yote mawili. Iwe pete moja, ya kipimo chake.

Watu huogopa mzigo mzito. Mimi ningewaomba muogope mwepesi. Kilo 700 za saruji huning'inia kwa adabu. Mabati, mbao bapa, tangi tupu la plastiki: hivyo hushika upepo, huzunguka, hupaa. Kamba ya mita 30 yenye mzigo hubembea kwenda na kurudi kwa sekunde kama 11. Bembea ikikua, rubani hupunguza mwendo, na isipotulia, hutupa. Ila mbaya kuliko vyote ni kamba tupu. Kamba za kisasa za nyuzi ni nyepesi. Mzigo ukishaachwa na rubani akaondoka kwa kasi, ncha hupeperuka nyuma na juu, kuelekea rota ya mkia. Ikifika huko, hakuna ufundi utakaosaidia. Kwa hiyo ncha ibaki na uzito unaotosha, mwendo usizidi kikomo kilichoandikwa, na kama safari ni ndefu, tueni, kamba iingie kwenye mfuko ndani ya ndege. Nyavu na mikanda mitupu irudi ndani ya mfuko mzito, isining'inie kama nguo kwenye kamba.

Anayefunga mzigo: kofia yenye mkanda wa kidevu, miwani, glavu. Kulabu ya chini iguse ardhi kwanza, au iguswe na fimbo ya kutolea umeme, kwa sababu mapanga hukusanya umeme tuli wa kumrusha mtu. Hakikisha kamba haijapita juu ya skidi, zile fito mbili ambazo helikopta hutulia juu yake. Ndege ikinyanyuka ikiwa imenaswa hivyo, hupinduka kwa upande mmoja haraka kuliko mkono wa rubani. Mkubaliane mapema: injini ikizima, ndege inakwenda kushoto, mtu anakimbilia kulia. Kwenye redio yawe maneno machache: tano, tatu, mbili, moja, imekaza, imenyanyuka. Salamu ziwe baadaye.

Hapo kwenye kimo cha mita 40, bila mwendo, injini ikizima hakuna nafasi ya kuteleza hadi chini kwa usalama. Rubani ataachia mzigo papo hapo, na ndiyo maana njia ya mzigo haipiti juu ya mtu, gari wala kibanda cha chai. Tarehe 5 Septemba 2005 huko Sölden, Austria, chombo cha zege cha takriban kilo 750 kilianguka kutoka kwenye helikopta juu ya njia ya magari ya kebo. Watu tisa walikufa, sita wakiwa watoto. Hawakuwa na kazi yoyote na zege hilo.

Kushuka nako: mwendo mdogo mbele, kushuka zaidi ya futi 300 kwa dakika, na upepo ukitoka mgongoni, ndege yaweza kuzama katika hewa yake yenyewe, na kuongeza nguvu huzidisha tu. Funga kitambaa kwenye mti karibu na pa kutua, rubani aone upepo.

Mwisho, kamba. Ikaguliwe juani, mita kwa mita, kwa mkono usio na glavu. Sehemu ngumu inayong'aa imeungua kwa msuguano. Sehemu yenye manyoya imesuguliwa na kokoto. Iliyokataliwa ikatwe vipande vifupi siku hiyohiyo, vifupi kiasi cha kutofaa hata kufungia ng'ombe, maana kamba nzima iliyotupwa kwenye kona ya stoo itarudi kazini siku ambayo nyingine imechelewa kuletwa.