Kuacha kujitafuna mdomo: hatua kwa hatua

Hujambo mtazamaji, karibu. Leo tunashughulikia tabia ya kujing'ata mdomo, hasa wa chini: unachubuka, unapona nusu, unachubuliwa tena, miezi hata miaka. Kama ni wewe, au ni mwanao, kwanza ondoa aibu. Mwenye tabia hii mara nyingi hajui kama anajitafuna mpaka aonje damu. Kumwambia "acha" ni kumsumbua bure, kwa hiyo tutaanza na kujifunza kujikamata.

Nawa mikono, shika kioo, washa tochi ya simu. Vuta mdomo wa chini kwa vidole viwili. Angalia hapa, kwenye mstari ambapo sehemu kavu ya mdomo inakutana na sehemu yenye unyevu. Unakiona kigamba kidogo kimesimama, upande mmoja kimeshika, upande mwingine kimeachia? Ulimi ukipita hapo unakwaruzwa, na meno yanakuja kukiondoa. Yakikivuta kinatoka pamoja na ngozi nzima ya jirani, panakuwa kidonda, kidonda kinakauka, na kigamba kipya kinasimama palepale.

Basi kigamba hicho tusikiache. Pangusa mkasi mdogo wa kucha kwa spiriti, uuache ukauke, kisha kata kilicholegea tu. Usivute. Paka mafuta ya mgando kiasi cha punje moja ya choroko: asubuhi, baada ya kila mlo, na unapokwenda kulala. Hapa Tanga kuna upepo na jua, na kaskazi ya Desemba hadi Machi hukausha midomo sana, kwa hiyo anayeshinda pwani ya Sahare au juu ya bodaboda atapaka mara nyingi zaidi na kuvaa kofia pana. Usiilambe midomo ukidhani unailowesha. Mate yanapokauka huiacha kavu kuliko mwanzo.

Kama ndani kuna vidonda, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya maji ya uvuguvugu, sukutua nusu dakika, uteme. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Embe bichi la chumvi na pilipili, ndimu na achari viache mpaka papone.

Sasa shubiri. Wengi hupaka shubiri au pilipili mdomoni, kwa kuwa shubiri humwachisha mtoto ziwa. Kwa mdomo usifanye. Pilipili inawasha ngozi iliyochubuka na kuzidisha magamba, na uchungu wa shubiri unalambwa ukaisha huku tabia ikibaki.

Hatua inayofuata ni karatasi na kalamu, kwa siku 7. Kila ukijikuta unajing'ata, andika saa, mahali, ulichokuwa ukifanya, na ulichohisi sekunde chache kabla: ukavu, mkwaruzo, wasiwasi, au uchovu tu. Usijaribu kuacha wiki hii. Mwombe mtu wa nyumbani akukumbushe kwa ishara mliyokubaliana, kama kugonga meza mara moja, bila kukutaja mbele ya watu. Wiki ikiisha soma karatasi yako. Utakuta nyakati mbili tatu zinajirudia: foleni ya benki, kusoma ujumbe wa simu, kukaa dirishani kwenye daladala. Hizo ndizo utakazoanza nazo.

Sasa tufike kwenye kiini. Wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn wa Marekani waliielezea mbinu hii mwaka 1973: kila hamu ikija, unaupa mwili kitendo kingine kisichoweza kwenda pamoja na tabia ile. Kwa mdomo fanya hivi. Funga midomo taratibu, igusane tu. Achanisha meno ya juu na ya chini. Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Pumua kwa pua. Kaa hivyo dakika 1 kamili, na hamu ikiwa bado ipo endelea hadi dakika 3. Tufanye pamoja sasa: midomo, meno, ulimi, pua.

Makosa yanayoharibu zoezi hili ni matatu. La kwanza ni kungoja mpaka umeshang'ata. Anza ulimi unapokwenda kutafuta kigamba, kwa sababu hapo hamu bado ndogo. La pili ni kukaa sekunde kumi tu. La tatu ni kukaza meno, ambako huleta maumivu ya taya na pengine kukuhamishia kwenye kutafuna shavu. Pua ikiziba mara kwa mara, itibiwe, maana anayelala mdomo wazi huamka na midomo mikavu. Fanya mazoezi mara 5 kwa siku hata usipokuwa na hamu, ili mdomo uzoee.

Kuna mambo ya kumwona daktari. Jino lenye ncha kali au meno ya juu yaliyotokeza sana mbele huweza kusababisha mdomo kung'atwa. Daktari wa meno anaweza kulisawazisha jino au kukutengenezea kinga laini ya plastiki. Kilengelenge laini chenye rangi ya bluu ndani ya mdomo mara nyingi ni mate yaliyozibiwa njia. Usikitoboe kwa sindano, kitajaa tena. Kidonda, baka jeupe au uvimbe mgumu ukipita wiki 2, nenda ukaangaliwe Bombo au hospitali iliyo karibu nawe. Ndugu zetu wenye ualbino wasingoje hata hizo wiki 2, kwa sababu jua huudhuru sana mdomo wa chini. Wasiwasi ukiwa mzito hadi kukunyima usingizi, mshauri wa saikolojia ni sehemu ya tiba.

Kwa mtoto aliyechomwa sindano ya ganzi ya meno, mdomo hufa ganzi saa kadhaa naye huutafuna kama mchezo. Mkalishe karibu, usimpe chakula cha kutafuna mpaka ganzi iishe.

Hesabu alama za karatasi yako kila Ijumaa. Zikipanda ghafla baada ya kushuka, wakati wa mitihani au msiba, rudia wiki ya kuandika kisha zoezi. Kwa wanaofunga Ramadhani, midomo itakauka mchana: pakeni mafuta wakati wa daku, na tena baada ya futari.