Msisubiri Taa: Mazungumzo Juu ya Kutunza Injini

Asanteni kwa kujaza viti vya mbele. Kwa kawaida nikizungumza habari za magari, hivyo ndivyo hubaki vitupu. Gari langu nimeliegesha hapo nje mahali palipo sawa, nikalizima. Tutalirudia baadaye.

Kwanza niwaulize: nani kati yenu amechomoa kijiti cha kupimia oili mwezi huu? Mikono mitatu. Ninyi wengine mnangoja taa iwake, sivyo? Basi nitakaa hapo hapo leo, maana ile taa nyekundu yenye picha ya birika inaponza wengi. Kwenye magari mengi haipimi wingi wa oili. Inapima presha. Oili yaweza kupungua lita nzima, pampu bado ikapata cha kuvuta, na taa ikanyamaza kimya. Siku ikiwaka ukiwa njiani, presha imeshaanguka na vyuma vimeanza kusagana. Kaa pembeni, zima papo hapo. Habari ya "nimeshakaribia kufika" iache.

Tazameni hesabu yenyewe. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, krankshafti, yaani ule mhimili mkuu unaosukumwa na pistoni, inazunguka mara 50 kila sekunde. Na inazunguka bila kugusana na beringi zake, vile vikalio vinavyoishika, kwa sababu katikati pana utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, joto linapanda, beringi zinaliwa, na ndipo fundi anakwambia injini imenoki.

Tena oili haipungui tu, inachoka. Petroli au dizeli inapoungua hutoa masizi, mvuke wa maji na tindikali, na sehemu ya uchafu huo hupenya kwenye ringi za pistoni ikashukia kwenye oili. Hapa kuna jambo ambalo wengi hubishana nami. Mtu anajisifu: "Gari langu halichoki, ni la safari fupifupi tu." Ndugu yangu, hilo ndilo linaloteseka! Safari ya dakika tano haiipi oili joto la kutosha kuyakausha maji yaliyomo, kwa hiyo yanabaki humo yakiiharibu. Ndiyo sababu kitabu cha gari hutaja kilomita, kikataja na miezi: kinachotangulia ndicho cha kufuata. Fuata kitabu cha gari lako, si cha jirani. Na filta ya oili ibadilishwe siku hiyo hiyo. Oili mpya kwenye filta kongwe ni kama kuoga kisha ukavaa nguo chafu.

Mama pale nyuma anauliza kuhusu rangi. Weusi pekee usikutishe, mama. Kwenye injini ya dizeli oili huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Cha kuogopa ni kuiona kwenye kijiti imegeuka kama maziwa. Hapo maji yameingia, mara nyingi kupitia gaskiti ya silinda hedi, kile kizibo kati ya injini na kichwa chake. Usiliwashe tena; mwite fundi.

Nimetaja maji. Alama hii mkononi niliipata nikiwa mwanagenzi wa gereji, nilipofungua kifuniko cha rejeta, pale panapopozwa maji ya injini, injini ikiwa ya moto. Mle ndani maji yanabanwa kwa presha, kwa hiyo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka na yote yanachemka kwa mkupuo mmoja, usoni pako. Ngojeni ipoe kabisa. Na msijaze maji ya bomba mwaka baada ya mwaka: yanaacha chokaa na kuleta kutu kwenye vijia vyembamba. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ina dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo nayo huisha nguvu, ndiyo maana hubadilishwa.

Filta ya hewa ni rahisi, lakini jueni kwamba kuchoma lita moja ya petroli kunahitaji takriban lita 9,000 za hewa, na zote zinapita hapo. Plagi, zile za kutoa cheche, fuateni kitabu. Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi), kama gari lako linao, usiusubiri ukatike: kwenye injini nyingi pistoni zitagonga valvu, na bili yake hutapenda kuisoma.

Haya, injini imekaa vya kutosha, oili imeshashuka yote chini. Twende nje. Mtu mmoja atachomoa kijiti, atakifuta, atakirudisha mpaka mwisho, kisha atakichomoa tena na kutusomea. Tunataka iwe kati ya alama mbili. Ikizidi ile ya juu nayo ni hasara, kwani krankshafti huikoroga ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Mama, njoo wewe. Kitambaa hiki hapa.