Kromaiti ya Oman: kusaka mbale isiyofuata mkanda

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ndugu wachimbaji mliotoka mbali kuja kunisikiliza, asanteni. Niliombwa nizungumzie utafiti wa kromaiti, na nimeamua tuende Oman. Wengi wenu mmekulia kwenye dhahabu. Mmezoea kuona mwamba uliotandaa kama mkanda, kuufuata, kuchimba duara, yaani shimo la kushukia, na mwamba ukipotea mnautafuta upande wa pili wa ufa. Kromaiti ya Oman haikubali mwendo huo, na pesa nyingi zimepotea kwa sababu watu walienda nayo kwa mazoea ya mkanda.

Kromaiti ni oksidi ya chuma na kromi. Ingekuwa safi kabisa ingebeba karibu asilimia 68 ya oksidi ya kromi. Ya milimani haifiki huko, kwa sababu magnesi huchukua nafasi ya chuma na alumini huchukua nafasi ya kromi. Ni mbale, yaani jiwe lenye madini, pekee ya kromi inayochimbwa kwa biashara, na bila kromi hakuna chuma kisichoshika kutu, yaani hakuna sinki la jikoni wala mkasi wa daktari wa upasuaji kama tunavyovijua.

Mashapo yake yapo ya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa matabaka, na mabingwa wake wako kusini mwa Afrika. Bushveld ya Afrika Kusini ina umri wa miaka bilioni 2 na ushei. Great Dyke ya Zimbabwe ina miaka karibu bilioni 2.6 na urefu wa kilomita 550. Huko zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, iliingia chini ya ardhi kwa wingi, ikapoa polepole, na kromaiti ikatulia chini tabaka juu ya tabaka. Kitendawili ni kwamba zaha ina kromi kidogo mno. Ikipoa kwa kawaida, chembe za kromaiti huja zimetapakaa ndani ya madini mengine yaitwayo olivini, asilimia moja au mbili tu. Tabaka tupu la kromaiti linatoka wapi? Mwaka 1977 Neil Irvine alipendekeza kwamba zaha mpya iliingia na kuchanganyika na ile iliyokwisha kupoa kiasi, na mchanganyiko huo kwa muda ukawa hauwezi kutoa fuwele nyingine ila kromaiti. Wapo wanaobisha, lakini hoja yake bado ndiyo inayoanzisha mjadala.

Kwa mtafiti, uzuri wa ukoo huu ni kwamba hauna hila. Kule Great Dyke mkanda wa kromaiti unaweza kuwa mwembamba kuliko urefu wa mkono wako, lakini utaukuta tena kilomita nyingi mbele. Unachoronga mashimo yaliyoachana mbali, unaunganisha nukta kwenye ramani, na benki inakuamini.

Sasa Oman. Milima myeusi mnayoiona mkitoka Muscat kuelekea Samail ni sakafu ya bahari. Bahari hiyo iliitwa Tethys, na kipande hiki kilizaliwa miaka milioni 96 hivi iliyopita. Badala ya kuzama kama sakafu nyingine za bahari, kilisukumwa kikapanda juu ya ukingo wa Bara Arabu. Leo kinatandaa kwa takriban kilomita 500, kuanzia Falme za Kiarabu hadi kusini-mashariki ya Muscat. Wanajiolojia huita kipande cha namna hii ofiolaiti, na cha Oman ni miongoni mwa vikubwa na vilivyochunguzwa zaidi duniani. Yako mabonde ambamo unaweza kusimama mguu mmoja kwenye ganda la dunia na wa pili kwenye koti lake, yaani tabaka lililo chini ya ganda. Mpaka huo chini ya bahari za leo hakuna aliyewahi kuufikia kwa kuchoronga.

Kromaiti ya huko imekaa ndani ya koti lenyewe, hasa karibu na mpaka huo. Haikutulia kwenye beseni kubwa la zaha. Zaha ilikuwa inapanda kupitia nyufa za mwamba uitwao hazbagaiti, ambao ni mchanganyiko wa madini mawili, olivini na pirokseni. Ikipita, inayeyusha pirokseni na kuacha olivini, na mwamba unaobaki ni dunaiti. Kwa kubadilishana huko na kwa kuchanganyika na zaha nyingine, zaha ilifika mahali ikamwaga kromaiti ndani ya njia zake zenyewe. Kisha koti lilikuwa bado la moto, linatiririka polepole, likazivuta njia hizo, likazikunja na kuzikata vipande. Tulichobakiwa nacho ni mabonge: mengine kama lenzi, mengine marefu kama penseli. Yametawanyika kama zabibu kwenye biriani, na kuikuta moja hakukuambii sana iliko ya pili. Mengi ya Oman ni madogo, ya tani elfu chache au makumi ya maelfu. Kempirsai kule Kazakhstan, ukoo huohuo, kuna mabonge ya makumi ya mamilioni ya tani. Kwa hiyo msiudharau ukoo huu.

Unatafutaje kitu cha namna hiyo? Kwa maoni yangu, miguu kwanza. Hazbagaiti ikipigwa na jua na upepo huwa ya kahawia iliyokolea, na chembe za pirokseni husimama juu ya uso wake. Ukiipitishia kiganja inakwaruza. Dunaiti ni laini, rangi yake ni ya kimanjano kama ya kaki. Tofauti hiyo unaiona toka ng'ambo ya bonde ukishaizoea. Kwa kuwa mabonge ya kromaiti karibu yote hujifunika blanketi la dunaiti, liwe nene au jembamba, unachokichora kwenye ramani kwanza ni dunaiti. Wanaoanza kwa kuchora alama za kromaiti peke yake huishia na nukta zisizo na maana.

Kisha tazama mawe yaliyoporomoka. Kromaiti haiozi kirahisi, na ni nzito: ukinyanyua jiwe la ukubwa wa ngumi mkono wenyewe utashtuka. Panda juu ya mteremko mpaka mawe yaishe, hapo chimba mtaro. Ukiwa na shaka kama ni magnetaiti, madini meusi ya chuma yanayofanana nayo, likwaruze kwenye kigae kisichopakwa rangi. Magnetaiti huacha unga mweusi, kromaiti huacha wa kahawia. Jaribio hili halina gharama, na bado nimeona watu wakisafirisha magunia ya magnetaiti kwenda maabara.

Sasa chukua lenzi ya mkono, na hapa naomba mwangalie picha hii kwa utulivu. Mnaona vidonge vya mviringo vyeusi, vya ukubwa wa maharage, ndani ya olivini iliyopauka? Wachimbaji wengi duniani huiita mbale ya chui. Ukiiona, ujue uko kwenye ukoo wa mabonge. Kwenye matabaka huikuti. Sasa tazameni picha ya pili, ya kromaiti nzito. Kuna nyufa nyembamba zilizolala sambamba, zote upande mmoja, zimejaa sapentinaiti, yaani olivini iliyogeuzwa na maji. Koti lilipokuwa linavutwa, olivini ilinyumbulika lakini kromaiti, kwa ugumu wake, ikapasuka. Nyufa zimekata mwelekeo wa mvutano kwa pembe mraba. Na mabonge yaliyovutwa sana hurefuka kufuata mvutano huohuo. Maana yake jiwe moja mkononi, mradi umeliwekea alama ya lilivyolala kabla hujalivunja, linakuonyesha bonge limeelekea wapi chini ya miguu yako. Wangapi huweka alama hiyo? Wachache mno, na wengine huikumbuka wakiwa wamesharudi kambini.

Wenzangu wa jiofizikia watanisamehe kwa hili linalofuata. Kromaiti ina msongamano wa karibu gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, sapentinaiti inayoizunguka karibu 2.6, na kwa hesabu hiyo kipimo cha mvuto wa ardhi kingepaswa kuiona. Kimewahi kuiona: huko Camagüey, Cuba, kilitumika sana miaka ya 1950. Lakini tufanye hesabu pamoja. Chukua bonge la mviringo kama mpira lenye upana wa mita 20, tani kama 19,000, kitovu chake kipo mita 20 chini. Tukikadiria kwamba linazidi mwamba wa jirani kwa msongamano wa 1.5, kwa kuwa dunaiti haijageuka sapentinaiti yote, kifaa kitasoma ziada ya miligali (kizio cha mvuto) 0.1 hivi. Lishushe bonge mpaka mita 60, inabaki sehemu moja ya tisa. Na ukikosea kimo cha kituo chako kwa nusu mita tu, kosa lenyewe linatoa karibu miligali 0.1. Hiyo ni kabla hujaondoa mvuto wa mlima ulio ubavuni mwako, na sehemu hiyo ya Oman ni milima mitupu. Usumaku nao unayumba, kwa sababu sapentinaiti inapozaliwa hutengeneza magnetaiti, na mara nyingi mwamba wa jirani ndio unaopiga kelele kuliko mbale.

Kwa hiyo uchorongaji ndio msemaji wa mwisho, na lazima uwe wa karibu. Kwenye matabaka mashimo yanaweza kuachana mamia ya mita. Hapa hata mita 25 inaweza kuliruka bonge zima. Ushauri wangu: shimo la kwanza liingie chini ya mbale unayoiona juu, la pili lifuate mwelekeo ulioupata kwenye zile nyufa. Msipange gridi nzuri ya mraba ili kumfurahisha mwekezaji. Na shimo likikosa kromaiti lakini likapita dunaiti nene, hilo si shimo tupu. Liandikeni.

Ubora nao una siasa yake. Mabonge mazuri hutoa uwiano wa kromi kwa chuma wa karibu 3 kwa 1, Bushveld karibu 1.5. Zamani viwanda vya chuma vilidai ule wa juu, na mbale ya Bushveld ilikuwa haina thamani kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja njia ya kupuliza gesi ya argoni na oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka ili kuondoa kaboni, na ghafla ferokromi, yaani mchanganyiko wa chuma na kromi, ya daraja la chini ikafaa. Soko likahamia kusini. Mbale ya mabonge bado hupata bei, ila haishiki tena soko peke yake. Na baadhi ya mabonge yana alumini nyingi, kama ya Coto kule Ufilipino. Hayo yalijijengea jina kwenye matofali ya tanuri.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza: hapa kwetu je? Vipande vya ofiolaiti vipo, na Sekerr kule West Pokot, Kenya, ni mfano mmoja. Lakini hivyo vilibanwa na kupikwa upya milima ya kale ilipojengwa, tofauti na Oman. Chembe za kromaiti zilizopikwa hivyo hupata ukingo uliobadilika, wenye chuma kingi na magnesi na alumini kidogo. Ukisaga jiwe zima na kulipima, uwiano utakudanganya. Pimeni kitovu cha chembe kwanza, mjue kromaiti ya asili ilikuwaje, kisha mpime jiwe zima mjue mnunuzi atakulipeni nini. Ni namba mbili tofauti, na ripoti ya utafiti inazihitaji zote.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada aliye nyuma.