Kabla ya Kuhesabu Vifaranga vya Ngege

Ndugu zangu, mada niliyopewa ni uzalishaji wa vifaranga vya ngege, samaki wa asili wa Ziwa Victoria, ili tumrudishe ziwani. Walionisikia kwingine wanajua nitakakoanzia: kwa wazazi. Habari ya sangara, yule samaki mlaji aliyeletwa ziwani akawala wenyeji, mnaijua, siirudii.

Mwaka juzi niliuziwa samaki 40 wa kuzalishia, risiti imeandikwa ngege. Nikamtoa wa kwanza kwenye pipa, nikamkunjua mkia kama upepeo wa kupepea jiko. Mistari myeusi imesimama, mmoja baada ya mwingine, toka shina hadi ncha. Huyo ni sato! Mkia wa ngege hauna mistari hiyo. Wa pili, sato. Wa tatu mistari imefifia, imekatika katikati, na huyo ndiye aliyenitisha zaidi, maana ni chotara. Ngege na sato huzaana, na watoto wao nao huzaa. Ningewatia wale bwawani ningepata vifaranga maelfu, ningepigwa picha nikivimwaga ziwani, kumbe namalizia ngege kwa mkono wangu mwenyewe. Niliwarudisha wote 40.

Kuna atakayesema, sato si samaki? Si analiwa, si anauzika? Ni samaki, na afugwe. Lakini sato aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege ndiye mwenyeji, na akipotea hakuna duka la kumnunua.

Basi wazazi safi watoke wapi? Kwenye vimaziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Yala, Kenya. Maji ya chini ya mafunjo yanayovizunguka yana hewa kidogo. Ngege huyavumilia, sangara yanamshinda. Yale mafunjo tunayoyachoma tupate shamba ndiyo ukuta uliomhifadhi ngege. Ila hata huko jicho peke yake halitoshi, kwa kuwa chotara wa vizazi kadhaa anaweza kuwa na mkia safi kabisa. Vinasaba vipimwe kwanza.

Mkishapata wazazi, kazi iliyobaki mnaiweza. Mama hubeba mayai mdomoni na wakati huo hali. Mshike kwa kitambaa chenye maji, kichwa kielekee beseni, mfungue mdomo kwa kidole taratibu. Mayai yatabingirika ya manjano. Yatieni kwenye chupa ya kuangulia, maji yapande toka chini yayageuzegeuze kama alivyokuwa akifanya mama.

Na ile homoni ya kugeuza vifaranga kuwa madume, wekeni kando! Kwa mfugaji wa biashara ina faida, madume hukua upesi. Sisi tunataka samaki watakaozaana wenyewe ziwani. Madume watupu watazaa na nani?

Nilitaka kuzungumzia chakula, nimeshaonyeshwa saa. Niseme la nyavu tu. Nyavu za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905. Kufikia 1927 ngege walikuwa wamepungua hata wakoloni wakamleta Michael Graham, mtaalamu wa samaki, kuchunguza. Wakati huo sangara alikuwa hajafika bado. Kwa hiyo msinipeleke kumwaga vifaranga mahali ambapo nyavu za macho madogo zinasubiri.

Hapo mbele kuna ndoo mbili, moja ina ngege, nyingine sato. Njooni wanne wanne, mlowanishe mikono kwanza, mkunjue mikia mjionee.