Mirusho 35: Kuandika na Kupiga Filamu ya Familia Kuhusu Besiboli ya Watoto

Ndugu waandishi na waongozaji, karibuni.

Filamu nyingi za besiboli ya watoto huishia palepale. Awamu ya mwisho, timu iko nyuma, mtoto aliyedharauliwa anapiga mpira unavuka uzio, na baba aliyekuwa mkali anafuta machozi. Mtazamaji anayeujua mchezo huwa ameshaliona hilo likija tangu mwanzo. Leo nataka kuwashawishi kwamba mgogoro mzito wa familia katika mchezo huu umo ndani ya karatasi ya kuhesabia mirusho, yaani kila mpira ambao mrushaji humtupia mpigaji.

Kwanza uwanja, maana hapa ndipo filamu nyingi huharibika mapema. Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, huchezesha watoto wa hadi miaka 12 kwenye uwanja uliopunguzwa. Kutoka besi hadi besi, yaani vituo ambavyo mchezaji huvikimbilia, ni mita 18.3, na mrushaji husimama mita 14 kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Kwa wakubwa ni mita 27.4 na 18.4. Mechi ya watoto ina awamu 6, ya wakubwa 9. Ukikodi uwanja wa wakubwa kwa sababu unapendeza machoni, mdakaji wako mdogo, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, atarusha mpira kuelekea besi ya pili nao utadunda njiani, na kila tukio la mbio litakuwa refu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Tangu mwaka 2007 Little League humwekea mrushaji kikomo cha mirusho kwa siku. Mwenye miaka 11 au 12 mwisho wake ni mirusho 85, wa miaka 9 na 10 ni 75. Halafu kuna mapumziko ya lazima kabla ya kurusha tena. Mirusho 21 hadi 35, siku 1. 36 hadi 50, siku 2. 51 hadi 65, siku 3. Kuanzia 66, siku 4. Tena aliyecheza kama mdakaji awamu 4 au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyohiyo.

Zisomeni namba hizo kwa jicho la mwandishi. Nusu fainali ni Alhamisi, fainali ni Jumamosi. Baba ndiye kocha, na mwanawe ndiye mrushaji bora. Mtoto amemmaliza mpigaji mmoja, hesabu imefika 35, timu inaongoza kwa pointi moja. Akitoka sasa, atapumzika Ijumaa na Jumamosi atarusha. Sheria inamruhusu kummaliza mpigaji aliyekwisha kuanza naye hata akivuka kiwango, lakini mpigaji mpya akirushiwa mpira mmoja tu, hesabu ni 36, mapumziko ni siku 2, na fainali imemtoka. Akiachwa, huenda wakashinda leo na kumkosa keshokutwa. Akitolewa, huenda keshokutwa isiwepo. Baba ana sekunde chache za kuamua, mama yuko jukwaani na anaijua hesabu, na mtoto anasema, “Nipo sawa, baba.” Hapo hamhitaji vinanda.

Kuna siri nyingine ambayo sijaona waandishi wakiitumia vya kutosha. Marekani watoto wengi huchezea pia timu za kusafiri, zile za kulipia, na karatasi ya timu moja haioni mirusho ya timu nyingine. Mtoto anaweza kutii sheria Jumamosi kwa kocha huyu na Jumapili akaanza upya kwa kocha yule. Anayejua jumla ni mzazi anayeendesha gari. Mfanyeni mzazi huyo awe mhusika mkuu.

Kuhusu kiwiko, nawasihi muwe wakweli. Mfupa wa mtoto bado unakua, na upande wa ndani wa kiwiko kuna sehemu ya gegedu ambayo ni dhaifu kuliko kano inayovutwa kila mrusho. Kwa mtu mzima kano ndiyo huathirika zaidi, kwa mtoto ni gegedu hiyo. Filamu hupenda sauti ya mfupa kuvunjika katika mrusho wa mwisho. Hilo linaweza kutokea, lakini mara nyingi maumivu hujijenga polepole. Mtoto anashindwa kunyoosha mkono wote. Mipira yake inapungua kasi na kuanza kwenda juu. Anabeba begi kwa mkono mwingine, anapiga mswaki kwa mkono mwingine, na ukimuuliza anasema mkono hauumi. Mpeni mwigizaji vitendo hivyo vidogo kuanzia dakika za mwanzo, mtazamaji makini atavikusanya mwenyewe.

Wanaotaka hadithi yenye msingi wa kweli waangalie cheti cha kuzaliwa, maana umri wa wachezaji umeleta utata katika Mashindano ya Dunia ya Little League yanayofanyika Williamsport. Mwaka 2001 timu kutoka Bronx, New York ilifutiwa ushindi wake katika mashindano hayo baada ya kubainika kwamba mrushaji wake alikuwa na miaka 14. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake huko Kutno, Poland, ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya utata wa umri na nyaraka. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo. Fikirieni mzazi wa Kampala anayeambiwa athibitishe tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe mbele ya afisa wa ubalozi. Hiyo peke yake ni filamu nzima.

Upande wa kamera. Mpira wa kilomita 97 kwa saa huvuka mita 14 kwa nusu sekunde hivi, yaani takriban fremu 12 kwa kasi ya kawaida ya fremu 24 kwa sekunde. Msijaribu kuufuata. Pigeni picha ya uso wa mrushaji, kata, sauti ya mpira ukitua kwenye glavu ya mdakaji. Lenzi ya milimita 200 au zaidi kutoka nyuma ya mrushaji huwaleta karibu yeye na mpigaji. Mkitaka umbali kati ya mtoto na baba, tumieni lenzi pana kwenye usawa wa macho ya mtoto, benchi likionekana nyuma. Magongo ya watoto kwa kawaida ni ya alumini au ya mchanganyiko wa nyuzi za kaboni, hivyo mlio wa mbao ambao wahariri huuweka ni kosa linalosikika mara moja.

Na mwigizaji naye ana kiwiko. Shoti moja ikirudiwa mara 20 kutoka pembe 4 ni mirusho 80, karibu kikomo chote cha siku. Picha za uso zipigwe bila mpira mkononi, shoti za mbali afanye mtoto mchezaji wa badala, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu tu, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Tukio la baba kupanda kwenye tuta la mrushaji na kuuchukua mpira mkononi mwa mwanawe liwekeni wiki ya mwisho ya ratiba, wawili hao wakiwa wameshazoeana.