Mtoto Mwenye MS Si Mzembe, Mpeni Muda

Walimu na wazazi wa Kisumu, leo sirudii kwa kirefu MS (multiple sclerosis) ni nini: ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Nimekuja kwa lawama moja tu: eti mtoto huyu amezembea.

Takriban theluthi moja ya watoto na vijana wenye MS hupata shida za kufikiri, na kinachoguswa sana ni kasi. Jibu analijua, ila linachelewa kufika. Mtazameni akinakili kutoka ubaoni. Anasoma maneno manne, anainama kuandika, mawili yameshapotea, anainua kichwa tena kuyatafuta. Mwalimu yuko mstari wa sita, yeye yuko wa pili, na ubao unafutwa. Jioni daftari lina mapengo. Wiki inayofuata anafeli somo alilolielewa vizuri mlipokuwa mkilieleza!

Najua mtaniambia, "Lakini anacheza mpira!" Ndiyo, anacheza. Nguvu za miguu hazituambii hali ya ubongo. Kijana anaweza kuumaliza uwanja mbio na bado akili ikamchelewa. Ndiyo maana apimwe hata akionekana mzima. Kuna kipimo cha sekunde 90: alama tisa, kila moja na tarakimu yake, naye anataja tarakimu za alama nyingi awezavyo. Mtaalamu wa saikolojia akirudie kila mwaka, na matokeo yakishuka daktari wake ajulishwe.

Mwingine atasema muda wa ziada kwenye mtihani ni upendeleo. Jamani, hapana! Asiyejua fizikia hataijua kwa kuongezewa dakika 30. Anayeijua ndiye atakayemaliza kuiandika. Basi mpeni maandishi yaliyochapishwa kabla ya kipindi, agizo moja kwa wakati mmoja, na mapumziko katikati ya karatasi ndefu. Wazazi, nendeni mapema kituo cha EARC, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu, msingoje kidato cha nne.

Muda unaniishia. Joto la hapa kwetu huzidisha dalili kwa muda, kwa hiyo akae karibu na dirisha, awe na maji baridi, na kazi nzito ifanywe asubuhi. Uchovu na huzuni navyo hupunguza kasi, na vinatibika, vichunguzwe. Dawa zisikatizwe hata akijisikia nafuu, maana kwa watoto ugonjwa hurudi mara nyingi kuliko kwa watu wazima.

Suala la lugha kwa wanaougua wakiwa wadogo sana tutaligusa kwenye maswali. Mama uliyeinua mkono pale nyuma, karibu.