Karai Moja

BARAKA: Karibuni tena. Leo tulikusudia kuzungumzia namna ya kuihimiza migahawa mikubwa ya vyakula vya haraka iongeze vyakula visivyo na nyama, nami nimeandika mambo matatu ya kufundishana. Hata hivyo, dada Zuhura ameingia studioni na jambo linalomuuma.

ZUHURA: Linaniuma kweli, kaka. Jumamosi nilimpeleka mama mkwe, aliyeacha nyama na samaki tangu ujana wake kwa ajili ya imani, kwenye banda moja la chipsi huku Mwanga. Nikamwagizia chipsi kavu na kachumbari. Alionja kipande kimoja, akakitoa kinywani kwa leso, akaniuliza taratibu kama pale hukaangwa migebuka. Nilipochungulia jikoni nikakuta karai ni moja: viazi, mapaja ya kuku na samaki, vyote mafuta yale yale.

BARAKA: Pole, na umfikishie mama salamu zetu. Lakini hilo ni banda; sisi tunazisema kampuni kubwa.

ZUHURA: Nazo zimo. Mwaka 1990 McDonald's ilitangaza huko Marekani kwamba inaacha mafuta ya ng'ombe na kukaangia chipsi mafuta ya mimea, na wasiokula nyama wakazila kwa amani. Mwaka 2001 wakafungua kesi, baada ya kufahamika kwamba viazi hivyo vilitiwa kionjo kitokanacho na nyama ya ng'ombe. Wahindu walilia, kaka! Mwaka 2002 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 10 na kuomba radhi.

BARAKA: Kosa hilo ni la kuficha, si la karai. Burger King ilipoieneza Impossible Whopper, baga yake isiyo na nyama, Marekani nzima mwaka 2019, ilieleza kwamba kababu yake ya soya huchomwa pamoja na nyama, na asiyetaka aombe liandaliwe kivingine. Waliolengwa ni wala nyama wanaotaka kupunguza, na hao ndio wengi. Tukianza kwa kudai karai la pili, wenye migahawa watalalamikia gharama na wataacha kabisa.

ZUHURA: Basi mama mkwe ale wapi? McDonald's hiyo hiyo ilipoingia India mwaka 1996 ilitenganisha majiko na vyombo, na baga yake ya viazi na njegere inapendwa hadi leo. Wakitaka, wanaweza.

BARAKA: India wasiokula nyama ni mamilioni, kwa hiyo jiko la pili linajilipa. Hapa Kigoma ningeanza na kababu za maharage ya Kasulu, zisizozidi bei ya kuku, zikaangwe popote.

ZUHURA: Zikaangwe kwa mawese, katika karai lake. Ubao ukiandika kwamba chakula hakina nyama, mtu aliyefunga safari na njaa yake aweze kuuamini. Hapo sirudi nyuma.

BARAKA: Nami sirudi, dada. Karai lako litawanyima mamia chakula kwa ajili ya mmoja.

ZUHURA: Huyo mmoja ni mama yangu.

BARAKA: Ninakusikia, ila jibu langu halijabadilika. Fundi ananionyesha dakika moja, na yale mambo matatu sijayagusa.

ZUHURA: Yaache. Mwenye banda ameniambia atanunua karai la pili nikimpatia wateja kumi wa kila wiki. Wasikilizaji wa Mwanga, Gungu na Ujiji, tuandikieni.

BARAKA: Niandike mimi pia, ingawa kuku bado ninakula.